Kasino haiji na jina lake

Nianze na swali lenyewe maana watu wengi wa kwetu hawakuwahi kulisoma. Novemba 7, 2017, hapa jimbo la Maine, Swali la 1 kwenye karatasi ya kura lilikuwa linauliza kama unakubali kampuni fulani iendeshe michezo ya mezani na mashine za sloti (zile za kuweka hela na kubonyeza) kwenye kaunti ya York, ikipata kibali cha jimbo na cha mji, na sehemu ya faida iende kwenye programu zilizotajwa kwenye muswada. Basi, limeishia hapo. Kwenye swali hamna neno kasino, hamna jina la kampuni, hamna jina la mtu. Mzee wetu mmoja hapa Lewiston alinipigia simu akaniuliza, mwanangu, hili swali la kwanza ni la mambo ya shule au? Nikamwambia hapana baba, hii ni kamari. Alinyamaza kidogo halafu akasema mbona kwenye TV wanaongelea ajira.

Naandika haya kwa sababu hili jambo halikufa 2017. Linarudi, kama si jimbo hili basi jimbo la jirani, na sisi tunaoongea Kiswahili huku, Wakongo, Warundi, Wakenya, ndugu zetu Wasomali Wabantu waliopitia Dadaab na Kakuma, kila mwaka tunazidi kuapishwa uraia na kura zetu zinahesabiwa sawasawa na za wengine. Sasa mimi msimamo wangu nausema mapema ili nisimzungushe mtu: napinga kasino kuongezwa, nilipinga 2017 na nitapinga tena. Lakini nataka nieleze vizuri kwa nini, maana sababu zinazotolewaga msikitini na kanisani ni za kweli ila hazitoshi peke yake mbele ya karatasi ya kura. Ukimwambia kijana kamari ni haramu atakwambia sawa mzee nimesikia, halafu anaenda. Ukimwonyesha nani anaandika hiyo sheria na pesa inatoka mfuko gani kwenda mfuko gani, hapo anakaa anasikiliza.

Kwanza elewa hili swali lilifikaje kwenye karatasi. Maine wananchi wana haki ya kupeleka sheria wenyewe kwenye kura, unakusanya saini zinazofika asilimia 10 ya kura zilizopigwa kwenye uchaguzi wa gavana uliopita, na kipindi kile ilikuwa saini 61,123. Ni haki nzuri sana na naipenda, wengi wetu tumetoka sehemu ambazo hakuna anayekuuliza kitu chochote, unasikia tu redioni kwamba imeshaamuliwa. Lakini mlango aliowekewa mwananchi, mwenye pesa naye anaupita, tena anaupita kwa kulipa watu wa kukusanya saini nje ya supamaketi na nje ya vituo vya kupigia kura, na kwenye hii kampeni ya York ilitangazwa kwamba wakusanyaji walikuwa wanalipwa mpaka dola 10 kwa saini moja. Mara ya kwanza walipeleka saini 91,294, ofisi ya Katibu wa Jimbo, wakati huo ni Matthew Dunlap, ikazipitia ikakuta halali ni 35,518 tu. Yaani zaidi ya nusu zilikataliwa. Kwa hiyo 2016 swali likakwama, wakarudi tena mtaani wakaongeza saini nyingine mpaka likaingia kwenye kura ya 2017.

Na nani alikuwa anataka hiki kitu kiasi hicho? Hapa ndipo panaponiuma. Muswada ulikuwa umeandikwa kwamba anayeweza kuomba leseni ni yule tu ambaye mwaka 2003 alikuwa anamiliki angalau asilimia 51 ya uwanja wa mbio za farasi ambao wapiga kura waliuruhusu kuweka sloti. Hebu fikiria sharti la namna hiyo, linaangalia miaka 14 nyuma, mtu anayelitimiza ni mmoja tu, naye ni Shawn Scott, mfanyabiashara wa kasino ambaye 2003 alikuwa na uwanja wa farasi wa Bangor. Mwaka ule Scott alifadhili kura iliyoruhusu sloti kwenye viwanja vya farasi, kura ikapita kwa asilimia 53 hivi, na hakukaa hata kuendesha biashara yenyewe, akaiuzia kampuni ya Penn National haki zake kwa dola milioni 51. Hiyo pesa haikutokana na kiwanda wala shamba, ilitokana na kura za watu wa Maine, walimpa kibali akakiuza. Sasa 2017 alikuwa anaomba cha pili.

Kampeni ilisimamiwa na dada yake, Lisa Scott wa Miami, na kamati ya kwanza iliyosajiliwa iliitwa Horseracing Jobs Fairness, haki ya ajira za mbio za farasi, ukisikia jina hilo unafikiri ni chama cha watunza farasi maskini wanadai mishahara yao. Baadaye ikaja Progress for Maine, maendeleo kwa Maine. Pesa nyingine zilitoka nje kabisa ya Marekani bara, zikapita kwenye makampuni mpaka Tume ya Maadili ya jimbo ikaanza kuuliza huyu ni nani na yule ni nani, na Novemba 2017 tume ikazipiga faini kamati 4 zinazohusiana na huyo dada, jumla dola 500,000, kwa kuchelewa kutoa taarifa za pesa. Hata Gavana Paul LePage, ambaye mimi kwenye mambo ya wahamiaji sikukubaliana naye karibu kwa kila kitu, alisimama hadharani akapinga Swali la 1, na kwenye hili nampa haki yake. Matokeo: asilimia 83 walisema hapana. Siku hiyohiyo, karatasi hiyohiyo, watu hao hao wakapitisha Swali la 2 la kupanua bima ya afya ya Medicaid. Kwa hiyo mtu asiniambie wapiga kura wa hapa wanakataa kila kitu, walichagua, na walijua wanachagua nini.

Sasa kuna sehemu ya hii habari ambayo wapinzani wa kasino wengi wanairuka, na mimi sitaki kuiruka kwa sababu naona ni deni. Mwaka 2003, siku ileile Scott alipopewa sloti, kulikuwa na swali lingine, Swali la 3, la makabila ya Penobscot na Passamaquoddy kujenga kasino kubwa Sanford, mradi wa dola milioni 650. Hilo likakataliwa, kama theluthi mbili walisema hapana. Yaani wenye nchi, watu ambao walikuwepo hapa kabla ya Maine kuwa Maine, waliambiwa hapana, na mfanyabiashara wa kutoka nje akaambiwa ndiyo, siku hiyohiyo. Mwaka 2007 Passamaquoddy wakaomba tena, safari hii kitu kidogo tu, uwanja wa farasi wenye sloti kaunti ya Washington ambayo ni ya maskini kabisa kwenye jimbo hili, wakakataliwa tena, asilimia 52 kwa 48. Mwaka uliofuata kampuni ikaomba kasino kaunti ya Oxford ikakataliwa, 2010 ikarudishwa, ikapita kwa uzi, asilimia 50 na kidogo, na Oxford Casino ikafunguliwa Juni 2012.

Majimbo mengine makabila ya asili yana haki ya kufanya hiyo biashara kwenye ardhi yao chini ya sheria ya taifa ya 1988. Ya hapa hayana, kwa sababu mwaka 1980 yalisaini makubaliano ya madai ya ardhi na jimbo, na mahakama ikaja kuamua kwamba makubaliano yale yanaizuia ile sheria ya 1988 isifanye kazi Maine. Walipewa pesa kwa ardhi iliyochukuliwa halafu wakafungiwa mlango ambao makabila mengine mengi yaliyotambuliwa yaliachiwa wazi. Mimi kwenye hili nimejadiliana na rafiki zangu mpaka usiku. Mmoja ananiambia wewe unapinga kasino kumbe unamsaidia mzungu kuwanyima Wapenobscot riziki. Hapana. Ninachosema ni kwamba deni la ardhi lilipwe kwa haki, kwa madaraka yao kamili, kwa maji yao na misitu yao na mahakama zao, isiwe kwamba kitu pekee tunachoona cha kuwarudishia ni ruhusa ya kukusanya mishahara ya maskini wengine. Lakini vilevile aliyepiga kura ya hapana kwa kabila na ndiyo kwa Scott, huyo hakuwa anapinga kamari, alikuwa anapinga kitu kingine na tunajua ni nini.

Nirudi Lewiston. Mwaka 2011 mji wetu wenyewe uliwekwa mezani, kasino ilitakiwa iwekwe kwenye jengo la Bates Mill namba 5, lile la paa la meno ya msumeno pale katikati ya mji, na swali likaenda kwa jimbo zima. Wengi wetu wakati huo hatukuwa na uraia bado, tulikuwa tunaangalia tu. Na naelewa kabisa kwa nini wenyeji baadhi walitaka, viwanda vya nguo vilivyowalisha bibi na babu zao waliokuja kutoka Quebec vimefungwa, jengo limekaa tupu, anakuja mtu anasema nitaleta ajira. Ungefanya nini? Lakini jimbo likakataa kwa zaidi ya asilimia 60. Na ukitembea Lisbon Street leo unakuta maduka ya Wasomali, unakuta nyama ya halali, unakuta mama anauza sambusa, fundi cherehani, watu wa kutuma pesa, wote hao wamejiajiri na walipewa nafasi kwa sababu mtaa ulikuwa na nafasi. Siwezi kusema kasino ingewaua wote. Nasema tu dola ambayo mama anaipata kwenye sambusa ni dola ambayo mtu hakuiacha kwenye mashine.

Na hapo ndipo tufike kwenye mashine, maana hiki kitu watu hawakihesabu. Pesa kubwa ya kasino haitoki kwenye zile meza za karata unazoziona kwenye sinema, inatoka kwenye sloti. Tuseme mashine inakurudishia senti 90 kwa kila dola unayoweka, ukisikia hivyo unaona ni haki kabisa, nimepoteza senti 10 tu. Lakini mashine haichezwi mara moja. Ukibonyeza mara 10 kwa dakika, dola moja moja, kwa saa umebonyeza mara 600, na asilimia 10 ya dola 600 ni dola 60. Kwa saa. Kuna watu wetu hawafikishi dola 60 kwa masaa matatu ya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Na katikati ya hapo mashine inakupigia muziki na taa hata pale uliporudishiwa senti 30 kwenye dola yako, ubongo unasikia umeshinda kumbe umeliwa senti 70. Wamefanya hivyo kwa makusudi, mashine imetengenezwa ikae na wewe.

Kuna kaka mmoja nilifanya naye kazi shifti ya usiku, simtaji na wala sitataja ni kasino gani. Mtu mpole, mchapakazi, anatuma pesa kwao kila mwezi bila kukosa. Alianza kwenda Ijumaa akishalipwa, wakampa kadi ya mwanachama, kadi ikawa inamletea chakula cha bure, chumba cha bure, ujumbe kwenye simu siku ya kuzaliwa kwake. Kadi ileile ndiyo inayowaambia wenye kasino anacheza saa ngapi na anaondoka akishapoteza kiasi gani. Mke wake alikuwa anajua yuko ovataimu. Sisi tulikuja kujua siku mama yake alipopiga simu kutoka nyumbani akimuuliza mmoja wetu kama mwanawe ni mzima, kwa sababu miezi ilikuwa imepita hajatuma kitu. Nilikaa naye kwenye gari nje ya kazi, akaniambia bro, mimi sijaiba pesa ya mtu, ni pesa yangu. Sikuwa na jibu. Ni kweli ilikuwa pesa yake. Lakini kodi ya nyumba ilikuwa ya watoto wanne, na ile dawa ya mama yake kule ilikuwa inategemea pesa hiyohiyo.

Halafu unaambiwa pesa za shule. Kwenye sheria ya Oxford asilimia 46 ya mapato ya sloti yanachukuliwa, na sehemu kubwa humo imepangiwa elimu, sawa, hiyo ni pesa ya kweli na shule zinaipata. Ila bajeti ya jimbo ni mfuko mmoja, ukiingiza dola ya kasino kwa mkono wa kulia mbunge anaweza kupunguza dola ya kodi kwa mkono wa kushoto na mwalimu hatojua tofauti. Kilichobadilika ni nani aliyeitoa. Badala ya kodi ya mapato ambayo tajiri analipa zaidi, imetoka kwa watu wanaokaa karibu na kasino na wanaobonyeza usiku. Na ajira? Zipo, siwezi kukataa. Lakini angalia Atlantic City, mji wa kasino kule New Jersey, mwaka 2014 peke yake kasino 4 zilifungwa, mojawapo ni Revel iliyojengwa kwa dola bilioni 2.4 na ilikuwa na miaka miwili tu. Kila jimbo la jirani lilikuwa limefungua zake, wateja ni walewale. Hapa New England ni hivyohivyo, Connecticut ina Foxwoods na Mohegan Sun tangu miaka ya 90, Massachusetts wamefungua Springfield 2018 na ile ya Everett karibu na Boston 2019, sasa huyo mtalii tajiri tuliyeahidiwa atazipita zote hizo aje York kufanya nini? Atakayekuja ni jirani.

Kitu kingine kinachonisumbua ni upande wetu wenyewe, upande wa hapana. Kamati kubwa iliyopinga Swali la 1 mwaka 2017 iliitwa A Bad Deal for Maine, na pesa zake nyingi zilitoka Churchill Downs, ambao ndio wenye Oxford Casino. Mwenye duka anapinga duka la pili. New Jersey 2016 vilevile, swali la kupeleka kasino kaskazini mwa jimbo lilikataliwa na asilimia 77 hivi, na kampeni ya kupinga ilipata pesa kutoka Genting, wenye kasino New York. Arkansas 2024, kura iliyofuta leseni ya kasino ya kaunti ya Pope iligharimiwa na taifa la Choctaw, kabila la asili, dhidi ya taifa la Cherokee, nalo kabila la asili, waliokuwa na hiyo leseni. Kwa hiyo ukiona tangazo la hapana lenye picha ya mtoto analia, uliza limelipiwa na nani kama unavyouliza la ndiyo. Mimi sijali nani mwingine amepiga hapana, sababu zangu ninazijua. Ila naona aibu kwamba wachungaji na maimamu na watu wa afya ya akili wanaopinga kila mwaka bila senti hawasikiki mpaka kasino nyingine iwalipie kipaza sauti.

Waliofanya vizuri kuliko wote kwa maoni yangu ni watu wa Richmond, Virginia. 2021 walipiga kura wakakataa kasino kwa tofauti ya kura kama 1,500 hivi, asilimia 51 kwa 49. Viongozi wa mji badala ya kukubali wakairudisha tena 2023, kampeni ya ndiyo ikamwaga mamilioni ya dola kwenye mji mmoja. Wakazi wakagonga nyumba kwa nyumba na ujumbe mfupi tu, tulishasema hapana. Matokeo ya pili yakawa zaidi ya asilimia 60 hapana. Yaani kurudishiwa swali kuliwaongeza hasira. Virginia ikaihamishia Petersburg na wao 2024 wakakubali kwa kishindo, ni haki yao, lakini Richmond walishasema lao mara mbili.

Sasa mimi sidanganyi mtu kwamba kura ya kuzuia jengo inamaliza kamari. Maine ilipitisha sheria ya kubeti michezo 2022 bungeni, bila swali kwa wananchi, na Novemba 3, 2023 kubeti kwa simu kukafunguliwa, upande wa simu ukapewa makabila ya asili. Jengo la York tulilikataa kwa asilimia 83 na miaka sita baadaye ni kama limeingia mfukoni. Vijana wetu hawakuhitaji kufundishwa, wengi wana mikeka ya kubeti tangu nyumbani, wameshaona Nairobi na Dar vijana wanakaa mchana kutwa kusubiri matokeo ya ligi ya nchi ambayo hawajawahi kufika. Kenya 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za makampuni makubwa, SportPesa ikiwemo, kelele zikawa nyingi, halafu baadaye biashara ikarudi. Kule hakuna raia aliyewekewa karatasi akaulizwa ndiyo au hapana. Huku tunaulizwa, angalau kwenye majengo, na bunge likipitisha kitu tusichokitaka Maine kuna kura ya turufu ya wananchi, unakusanya saini ndani ya siku 90 baada ya bunge kufunga kikao na sheria inasimamishwa mpaka watu waamue. Hiyo njia hatujawahi kuitumia sisi kwa jambo hili na nataka tuiongelee.

Kwa wale wanaosema Kiingereza cha kwenye karatasi ya kura ni kigumu: ni kigumu kweli, hata waliozaliwa hapa wanalalamika. Lakini sheria ya taifa inakuruhusu, kama huwezi kusoma karatasi, kuingia na mtu unayemchagua mwenyewe akusaidie, awe mwanao, jirani, yeyote, isipokuwa bosi wako au wakala wake, au mtu wa chama chako cha wafanyakazi. Sampuli ya karatasi unaipata kabla ya siku ya kura kwenye ofisi ya mji, unaichukua nyumbani mnaisoma pamoja pole pole. Mtu akikusimamisha nje ya supamaketi na klipubodi mwambie nisomee yote, siyo kichwa cha habari, na muulize analipwa na nani. Na wazee wa hapa Lewiston na Auburn wanaonijua, namba yangu ni ileile, karatasi ikitoka nipigieni, nitakuja nayo.